Namna ya Kuchunguza Mchango wa Mabadiliko ya Tabianchi Katika Uhamaji wa Watu

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mwanafunzi, mwandishi wa habari, afisa mipango au mtumishi wa shirika la misaada anayetakiwa kueleza kwa nini watu wa eneo fulani wamehama, huku akisikia kila upande kwamba sababu ni mabadiliko ya tabianchi. Huenda ni kweli. Hata hivyo, kauli hiyo ikiachwa peke yake haielezi ni janga gani hasa lililotokea, liliongezewa nguvu kiasi gani na joto la dunia, lilimfikia nani kwanza, na kwa nini jirani ambaye shamba lake linapakana na la aliyehama yeye amebaki. Nitaeleza namna ya kuyatafutia majibu maswali hayo, nikikawia zaidi katika kuhoji kaya na kusoma takwimu, kwa sababu hapo ndipo kazi nyingi za aina hii huharibika. Msimamo wangu ni kwamba tabianchi mara chache humwondoa mtu kwa mkono wake yenyewe: huingia kwanza shambani, zizini, kisimani na mfukoni, na ni huko ndiko uamuzi wa kuondoka au kubaki unakofanyika.

Bainisha kwanza ni uhamaji wa aina gani

Makubaliano ya Cancún ya mwaka 2010, yaliyofikiwa katika mazungumzo ya Umoja wa Mataifa kuhusu tabianchi, yalitaja kwa pamoja mambo matatu ambayo hadi leo yanafaa kutumika kama mgawanyo wa kuanzia: kuhama kwa kulazimika, kuhama kwa kuamua, na kuhamishwa kwa mpango. Mtu aliyekimbia maji usiku akiwa na watoto mgongoni yuko katika kundi la kwanza. Kijana aliyekwenda mjini kutafuta kibarua baada ya misimu miwili mibaya yuko karibu na kundi la pili. Kijiji kizima kilichojengewa makazi mapya mahali palipoinuka kiko katika kundi la tatu. Mipaka kati ya makundi haya haiko wazi sana, hasa kati ya la kwanza na la pili, kwa kuwa yule kijana naye anaweza kusema kwamba hakuwa na hiari yoyote. Usijaribu kuumaliza utata huo mezani. Uandike kama ulivyo na uuache wahusika wauelezee.

Baada ya aina, andika umbali na muda. Watu wengi wanaohama kwa sababu zinazohusiana na hali ya hewa hawavuki mpaka wa nchi yao, na wengi huishia katika wilaya ya jirani au mji ulio karibu. Wengine hurudi baada ya wiki chache. Mafuriko ya Pakistan ya mwaka 2022 yaliwagusa watu wapatao milioni 33, na takriban milioni 8 kati yao walilazimika kuacha makazi yao, lakini sehemu kubwa yao walikaa kando ya barabara na juu ya matuta ya mifereji ili wawe karibu na mashamba yao, wakisubiri maji yapungue. Anayewaza habari za uhamaji wa tabianchi kama misafara ya watu wanaoelekea bara jingine atayapita makundi hayo bila kuyaona.

Tambua janga na mwendo wake

Majanga yanayokuja ghafla, kama vimbunga, mafuriko na moto wa misitu, huacha alama zinazoonekana: tarehe ya tukio inajulikana, nyumba zilizobomoka zinahesabika, na kambi za muda zina orodha. Majanga yanayokuja polepole hayana tarehe. Ukame, kupanda kwa kina cha bahari, maji ya chumvi kupenya mashambani na visimani, kuyeyuka kwa ardhi iliyoganda kaskazini mwa dunia, na mmomonyoko wa fukwe huondoa watu mmoja mmoja, mwaka baada ya mwaka, na mara nyingi anayeondoka hujiandikisha mjini kama mtafuta kazi. Ndiyo maana majanga ya ghafla hutawala taarifa, ilhali yale ya polepole huenda ndiyo yanayobadilisha zaidi ramani ya mahali watu wanapoishi.

Ukiwa na janga la polepole mkononi, tafuta pia sababu za kimwili zisizohusiana na joto la dunia. Jopo la Kiserikali la Mabadiliko ya Tabianchi limekadiria kwamba kina cha bahari duniani kilipanda kwa wastani wa milimita 3.7 kwa mwaka kati ya 2006 na 2018. Katika baadhi ya maeneo ya kaskazini mwa Jakarta, ardhi yenyewe imekuwa ikididimia kwa sentimita kadhaa kwa mwaka, hasa kutokana na kuvutwa kwa maji ya chini ya ardhi. Mkazi wa huko aliyehama kwa sababu maji ya bahari yanaingia ndani ya nyumba yake hasemi uongo anaposema bahari imemfuata. Mchunguzi ndiye mwenye wajibu wa kusema kwamba ardhi nayo imeifuata bahari, tena kwa kasi kubwa zaidi, na kwamba dawa ya tatizo hilo inaanzia katika usambazaji wa maji ya bomba.

Pima ni kiasi gani cha janga kinatokana na joto la dunia

Hali mbaya ya hewa ilikuwapo kabla ya viwanda. Kwa hiyo swali halali ni kama tukio fulani limekuwa la mara kwa mara zaidi, au kali zaidi, kuliko ambavyo lingekuwa katika dunia isiyoongezewa gesijoto. Kuna tawi la sayansi linalofanya kazi hiyo: watafiti hulinganisha kumbukumbu za hali ya hewa na mifumo ya kompyuta inayoiga dunia mbili, moja ya leo na nyingine isiyo na joto la ziada, kisha hupima tofauti. Kundi la World Weather Attribution, ambalo Friederike Otto ni mmoja wa waasisi wake, hutoa tathmini za aina hii muda mfupi baada ya matukio makubwa.

Soma tathmini mbili kwa pamoja ili uone kwa nini hatua hii haipaswi kurukwa. Ukame wa Pembe ya Afrika ulioanza mwishoni mwa 2020 uliharibu misimu mitano ya mvua mfululizo. Tathmini ya kundi hilo iliyotolewa Aprili 2023 ilikadiria kwamba mabadiliko ya tabianchi yaliongeza uwezekano wa ukame wa kiwango hicho kwa takriban mara 100, hasa kwa sababu joto lilinyonya unyevu wa udongo na mimea haraka kuliko zamani, ingawa hali ya La Niña, yaani kupoa kwa muda kwa maji ya Bahari ya Pasifiki kunakobadilisha mvua za sehemu nyingi za dunia, nayo ilikuwa na sehemu yake katika upungufu wa mvua. Upande wa pili ni kusini mwa Madagaska, ambako ukame wa miaka ya 2019 hadi 2021 ulitangazwa duniani kote kama chanzo cha njaa ya kwanza iliyoletwa na mabadiliko ya tabianchi. Tathmini ya watafiti hao hao, iliyotolewa Desemba 2021, haikupata ushahidi kwamba joto la dunia lilikuwa na mchango mkubwa katika upungufu ule wa mvua. Ilielekeza macho kwenye umaskini, ukosefu wa miundombinu na utegemezi wa kilimo cha mvua. Maumivu ya watu yalikuwa yale yale katika sehemu zote mbili, lakini sababu hazikulingana, na anayezichanganya huwapa wenye dhamana kisingizio kizuri cha kutochimba visima.

Jihadhari pia na simulizi zilizozoeleka mno. Ziwa Chad hutajwa kila mara kama ziwa linalokauka na kuwafukuza watu. Ni kweli lilipungua vibaya kutokana na ukame wa miaka ya 1970 na 1980. Tangu miaka ya 1990, hata hivyo, ziwa limeacha kusinyaa kwa mtindo ule, na mamilioni ya watu waliopoteza makazi katika bonde lake katika miaka ya karibuni wamekimbia zaidi mashambulizi ya makundi yenye silaha na operesheni za kijeshi kuliko kukimbia ziwa lililokauka. Mvua zisizotabirika zinaendelea kuwaumiza wakulima na wavuvi wa huko, lakini picha ya setilaiti ya mwaka 1963 ikiwekwa kando ya picha ya katikati ya miaka ya 1980 haielezi uhamaji wa leo.

Fuata kaya, kwa kufuata mpangilio wa matukio

Hapa ndipo penye uzito. Usimwulize mtu kama amehama kwa sababu ya mabadiliko ya tabianchi. Akisema ndiyo, hujui kama amelisikia jibu hilo katika semina. Akisema hapana, hujui kama angejibu hivyo hivyo ungemuuliza kuhusu mvua. Muulize mambo yalivyofuatana. Anza na mwaka ambao kaya ilikuwa na hali nzuri, halafu songa mbele msimu kwa msimu: walipanda nini, walivuna magunia mangapi, walikuwa na mifugo mingapi, kisima kilikauka mwezi gani, nani alikuwa mgonjwa, mtoto gani aliacha shule, deni la nani lilikuwa halijalipwa. Chora mstari chini au kwenye karatasi na umwache mhojiwa aweke matukio mwenyewe, kwa sababu mtu akiona pengo katika mstari wake hulijaza bila kushurutishwa.

Kuna kitu kimoja cha kukiangalia kwa karibu sana katika mahojiano ya wafugaji, nacho ni mpangilio wa kuuza. Ukame unapoanza, kaya huuza mbuzi na kondoo wachache ili kununua nafaka. Kwa kuwa kila kaya inauza kwa wakati mmoja, bei ya mnyama hushuka, na kwa kuwa nafaka ni haba, bei yake hupanda, kiasi kwamba mbuzi aliyekuwa akinunua gunia anakuja kununua debe. Kaya hulazimika kuuza wengi zaidi ili kula kile kile. Baadaye huguswa mifugo ya kuzaa, ambayo ndiyo mtaji wa kesho, na mwishowe mnyama wa kubebea mizigo. Mnyama huyo akifa au akiuzwa, uwezo wa kufuata malisho umekwisha, na kaya iliyokuwa ikihamahama kwa utaratibu wake wa siku zote inageuka kuwa kaya inayoingia kambini. Ukiweza kuandika mwezi ambao hatua hiyo ilivukwa, umepata habari ambayo takwimu ya milimita za mvua haiwezi kukupa. Uliza pia kama njia ya malisho ya zamani ilikuwa wazi, au ilifungwa na uzio, hifadhi, shamba kubwa au vita. Mara nyingi sana jibu la swali hili la pili ndilo linaloonyesha kwa nini ukame uliovumilika wakati wa mababu hauvumiliki sasa.

Kwa wakulima, utaratibu hufanana kwa sura nyingine. Milo hupunguzwa, kisha vyombo vya nyumbani huuzwa, kisha mtu mmoja, mara nyingi kijana, hutumwa kutafuta kibarua ili atume fedha. Kaya nzima kuondoka ni hatua ya mwisho. Kwa hiyo muulize aliyekuja mjini nani aliyelipa nauli yake, alifikia kwa nani, na hutuma kiasi gani nyumbani. Kama anatuma fedha ambazo zinanunua mbegu na kulipia matibabu, uhamaji wake ni njia ya kaya kubaki mahali pake, na si sahihi kumhesabu kama dalili ya kijiji kuvunjika.

Matokeo ya utafiti yanaweza kukushangaza katika hatua hii, na yaache yakushangaze. Utafiti uliofanywa katika vijiji vya Mali kuhusu ukame wa 1983 hadi 1985 uligundua kwamba uhamaji kwa jumla haukuongezeka wakati wa ukame. Kilichobadilika ni kwamba wanawake na watoto walisafiri zaidi na safari za muda mfupi ziliongezeka, ilhali safari ndefu za mbali zilipungua, kwa kuwa safari ndefu inahitaji akiba. Nchini Bangladesh nako, utafiti uliochapishwa mwaka 2012 ulionyesha kwamba mafuriko, ambayo ndiyo hupigwa picha, yalikuwa na athari ndogo katika kuhama kwa muda mrefu ikilinganishwa na kuharibika kwa mazao. Maji yakipungua watu hurudi na hupanda tena. Zao lisipotoka, hakuna cha kurudia.

Watafute waliobaki

Uchunguzi unaofanyika kambini au mjini pekee una kasoro ya msingi: umewahoji walioweza kuondoka. Rudi kulikotokea watu, au tafuta namna ya kuwasiliana na walioko huko, ujue ni akina nani hawakuhama. Ripoti ya kitengo cha Foresight cha serikali ya Uingereza ya mwaka 2011 ilisisitiza hatari ya watu waliokwama, yaani walio katika eneo la hatari bila uwezo wa kutoka, na ilikumbusha kwamba mazingira hufanya kazi kwa kupitia sababu nyingine nne: za kiuchumi, za kijamii, za kisiasa na za idadi ya watu. Kimbunga Katrina kilipoikabili New Orleans mwaka 2005, agizo la kuondoka lilitolewa, lakini wengi wa waliobaki hawakuwa na magari. Wazee, wagonjwa, wenye ulemavu, wapangaji wasio na akiba na wanawake waliokatazwa kusafiri peke yao hujirudia katika orodha za waliokwama sehemu mbalimbali za dunia.

Watenganishe hao na waliobaki kwa kutaka. Katika visiwa vya Pasifiki wako watu wanaojua vizuri makisio ya kupanda kwa bahari na bado wanasema hawaondoki, kwa sababu ardhi ile ina makaburi yao, haki zao za uvuvi na jina lao. Kumwandika mtu wa aina hiyo kama mhanga asiyejua lililo mbele yake ni dharau.

Soma takwimu ukijua zimehesabu nini

Chanzo kinachotumika zaidi ni Kituo cha Ufuatiliaji wa Wakimbizi wa Ndani kilichopo Geneva, ambacho hutoa tarakimu mbili tofauti zinazochanganywa kila mwaka. Ya kwanza ni idadi ya matukio ya watu kulazimika kuhama ndani ya nchi katika mwaka mzima. Ya pili ni idadi ya watu ambao, mwaka unapokwisha, bado wako nje ya makazi yao. Kwa mwaka 2024, tarakimu ya kwanza kwa upande wa majanga ilikuwa milioni 45.8, ya juu kuliko zote zilizowahi kurekodiwa na kituo hicho hadi wakati huo. Ya pili ilikuwa milioni 9.8. Hazipingani. Mtu aliyeondolewa mara tatu kwa sababu ya vimbunga vitatu huhesabiwa mara tatu katika ile ya kwanza, na akiwa amerudi kwake kufikia Desemba haonekani kabisa katika ya pili. Vilevile, sehemu ya tarakimu ya kwanza ni watu walioondolewa kwa tahadhari kabla ya dhoruba kufika, jambo ambalo ni mafanikio ya mifumo ya tahadhari. Marekani pekee ilikuwa na takriban milioni 11 ya matukio hayo mwaka 2024, nyingi zikiwa amri za kuondoka kabla ya vimbunga kama Helene na Milton kutua. Nchi isiyo na mfumo wa tahadhari inaweza kuonyesha tarakimu ndogo na vifo vingi.

Kumbuka mambo mengine mawili. Tarakimu za majanga huingiza pia matetemeko ya ardhi na milipuko ya volkano, ambayo hayahusiani na joto la dunia. Yaondoe kabla ya kuandika lolote kuhusu tabianchi. Na uhamaji unaotokana na ukame huhesabiwa katika nchi chache tu, kwa hiyo sifuri katika jedwali mara nyingi maana yake ni kwamba hakuna aliyehesabu.

Makisio ya wakati ujao yanahitaji ukali zaidi. Katika miaka ya 1990, mwanamazingira Norman Myers alianza kutoa makisio ambayo baadaye yalifikia watu milioni 200 ifikapo 2050, na tarakimu hiyo imenakiliwa mara nyingi kiasi kwamba wengi huitaja bila kujua ilikotoka. Njia iliyotumika ilikuwa, kwa sehemu kubwa, kuhesabu watu watakaokuwa wakiishi katika maeneo ya hatari na kudhani kwamba wataondoka. Kwa mtindo huo huo yalienea makisio ya wakimbizi wa mazingira milioni 50 ifikapo mwaka 2010. Mwaka ulifika na makundi hayo hayakuonekana, na wanaopinga sayansi ya tabianchi walipewa silaha ya bure.

Kazi ya Benki ya Dunia iliyotolewa mwaka 2021 ni ya namna tofauti, lakini nayo husomwa vibaya. Tarakimu yake maarufu ni watu milioni 216 wanaoweza kuhama ifikapo 2050. Ukiisoma yenyewe utaona kwamba neno linaloitangulia ni "hadi", kwamba inahusu maeneo sita ya dunia, kwamba ni uhamaji ndani ya nchi pekee, kwamba inagusa majanga ya polepole kama upungufu wa maji, kushuka kwa mavuno na kupanda kwa bahari, na kwamba katika mwelekeo, yaani picha ya wakati ujao inayodhaniwa katika hesabu, wenye gesijoto kidogo na maendeleo yanayowafikia wengi tarakimu inaweza kushuka hadi milioni 44. Tofauti kati ya 216 na 44 ndiyo habari kubwa ya ripoti ile, na karibu kila anayeinukuu huiacha. Kwa hiyo, unaponukuu makisio yoyote, andika mambo manne katika sentensi moja au mbili: mwaka unaolengwa, eneo, aina ya uhamaji, na mwelekeo uliotumika. Ukishindwa kulipata mojawapo, usiinukuu tarakimu hiyo.

Tumia majina ya kisheria mahali pake

Mkataba wa Wakimbizi wa mwaka 1951 humlinda mtu aliye nje ya nchi yake kwa hofu ya msingi ya kuteswa kwa sababu ya rangi au asili, dini, uraia, kuwa katika kundi fulani la kijamii, au maoni ya kisiasa. Ukame na bahari havimo. Anayeandika "mkimbizi wa tabianchi" katika ombi la hifadhi au ripoti rasmi anamwahidi mtu ulinzi ambao haupo, na ni bora kuandika watu waliolazimika kuhama kutokana na majanga. Hata hivyo, kutokuwapo kwa jina hakumaanishi kutokuwapo kwa haki yoyote, na mchunguzi makini hukagua milango mingine.

Mlango wa kwanza ni wa ndani ya nchi. Mkataba wa Kampala, uliopitishwa na Umoja wa Afrika mwaka 2009 na kuanza kutumika Desemba 2012, huzitaka nchi wanachama kuwalinda na kuwasaidia waliohamishwa na majanga, yakiwamo yanayohusiana na mabadiliko ya tabianchi. Mlango wa pili ni wa kuvuka mpaka kwa makubaliano ya kikanda au ya nchi mbili. Itifaki ya IGAD, jumuiya ya nchi za Pembe ya Afrika na jirani zake, kuhusu usafiri huru wa watu ina kifungu kinachohusu wanaokimbia majanga, na makubaliano ya Falepili kati ya Tuvalu na Australia, yaliyoanza kutumika Agosti 2024, yanawapa raia wa Tuvalu hadi nafasi 280 kwa mwaka za kwenda kuishi Australia. Mlango wa tatu ni haki za binadamu. Ioane Teitiota wa Kiribati aliomba hifadhi New Zealand kwa sababu ya bahari na upungufu wa maji safi, akashindwa, akarudishwa kwao mwaka 2015. Kamati ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa, katika uamuzi uliotangazwa Januari 2020, nayo haikumpa ushindi, lakini ilikubali kwamba hali ikiwa mbaya vya kutosha, kumrudisha mtu kwenye athari za tabianchi kunaweza kuvunja haki yake ya kuishi.

Kagua pia kama ndani ya kisa cha ukame au kimbunga kumejificha mateso ya kawaida. Serikali inayowanyima chakula cha msaada watu wa kabila fulani wakati wa njaa imeligeuza janga kuwa chombo cha mateso, na aliyeikimbia anaweza kuwa mkimbizi kamili chini ya mkataba wa 1951.

Ukikutana na uhamishaji uliopangwa

Hapa uliza nani aliomba, ardhi mpya ni ya nani, na watu wataishi kwa kazi gani. Kijiji cha Vunidogoloa nchini Fiji kilihamishwa mwaka 2014 kwenda mahali palipoinuka, takriban kilomita mbili kutoka pwani, ndani ya ardhi ya ukoo wenyewe, na jambo hilo la umiliki liliwaepusha na migogoro ambayo imekwamisha mipango mingine mingi. Kisiwa cha Gardi Sugdub nchini Panama, ambako familia zipatazo 300 za Waguna, wenyeji asilia wa huko, zilijengewa makazi bara na kuanza kuhamia Juni 2024, kilitangazwa kama habari ya bahari inayopanda. Wakazi walikuwa wameanza kuomba kuhama tangu karibu mwaka 2010, na kilichowasukuma zaidi wakati huo ni msongamano wa watu kisiwani. Bahari inakuja kweli, lakini asiyeandika msongamano hataelewa kwa nini baadhi ya watu, baada ya wenzao kupata nafasi, waliamua kubaki kisiwani.

Kuandika matokeo

Andika sababu kwa viwango. Sentensi kama "mabadiliko ya tabianchi yamewafukuza wafugaji" ibadilishe iseme unachokijua: kwamba misimu kadhaa ya mvua iliharibika, kwamba tathmini fulani inaonyesha joto la dunia liliongeza ukali wa ukame huo, kwamba kaya zilizohojiwa zilipoteza wanyama wa mizigo katika kipindi fulani, na kwamba njia ya malisho ya awali ilikuwa imefungwa. Ni ndefu zaidi, na inamwonyesha msomaji mahali ambapo msaada ungeweza kuingia.

Usitaje majina halisi ya waliohojiwa, wala alama zinazoweza kuwatambulisha, hasa kama wako katika ardhi wanayoweza kuondolewa au wamevuka mpaka bila hati. Picha zina hatari hiyo hiyo, zikiwamo zinazohifadhi mahali zilipopigwa ndani ya faili. Rasimu ikiwa tayari, wasomee waliokupa maelezo kwa lugha wanayoizungumza, sehemu inayowahusu, na urekebishe mpangilio wa matukio wanapokuambia umekosea. Mwisho, andika tarehe ya mahojiano juu ya kila ukurasa wa data, kwa sababu aliyekuwa kambini mwezi Machi anaweza kuwa amerudi kupanda mwezi Oktoba, na atakayeisoma kazi yako baada ya hapo anapaswa kujua ni wakati gani unaouzungumzia.